Jinsi ninavyofuatilia hela ya nyumbani kwa GnuCash, kuanzia M-Pesa mpaka kikoba

Mi na mume wangu tunaishi Morogoro, tumepanga, mimi nafundisha shule ya binafsi na yeye anaendesha bajaji, tuna watoto wawili na pembeni nafuga kuku wa nyama, banda liko kwa mama mkwe kule Kihonda. Yaani hela inaingia kwa njia nne tano na inatoka kwa njia mia. Kwa miaka mingi kila ikifika tarehe 20 tunakaa tunaulizana hela imeenda wapi, na hilo swali likishaulizwa na mtu aliyechoka linageuka ugomvi, kila mmoja anahisi anatuhumiwa. Sasa huu mwaka wa tatu tunatumia GnuCash na ule ugomvi umeisha, kwa hiyo nataka nielekeze hatua kwa hatua kama vile umekaa pembeni yangu na kompyuta yako, maana maelekezo mengi niliyokutana nayo yanamfikiria mtu mwenye akaunti moja ya benki na kadi, hayamjui mtu wa M-Pesa, kikoba, kodi ya miezi sita na shemeji anayedaiwa.

GnuCash ni programu ya bure kabisa, sio ya majaribio ya siku 30, ipo toka miaka ya tisini mwishoni, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux na haihitaji intaneti ukishaiweka. Unaipakua gnucash.org, tafuta bando la kutosha au Wi-Fi. Kompyuta ya zamani inatosha, yangu nilinunua mtumba. Excel nilijaribu kabla, shida yake ni kwamba ukifuta mstari mmoja kwa bahati mbaya hesabu zote zinayumba na hujui kosa liko wapi, GnuCash yenyewe haikubali hesabu isiyofunga bila kukuonyesha.

Kabla hujagusa kitu chochote elewa jambo moja tu, ukilielewa hili mengine yote ni kubonyeza. Hela haipotei, inahama. Kila shilingi ina ilikotoka na ilikoenda, na kila mahali hela inapoweza kukaa au kupita panaitwa akaunti. Kwenye GnuCash neno akaunti halimaanishi benki peke yake. Pochi yako ni akaunti. M-Pesa ni akaunti. Mshahara ni akaunti ya mapato, unga na mafuta ni akaunti ya matumizi, deni la kikoba ni akaunti ya madeni. Ukitoa hela kwa wakala hujatumia chochote hapo, umehamisha kutoka M-Pesa kwenda pochi, kilichotumika ni makato peke yake. Watu wengi wanaandika "nimetoa 50,000" kama matumizi halafu wakinunua mchele wanaandika tena, hesabu inakuwa mara mbili, wanakata tamaa wanaacha.

Haya fungua programu. Nenda File halafu New File, itakuletea dirisha la kukusaidia kupanga akaunti. Itauliza sarafu, chagua TZS. Itauliza aina za akaunti, chagua Common Accounts. Itakuwekea mlolongo mrefu wa vitu vya kizungu, mwingine hauna kazi kwako, usiogope, futa usivyovihitaji na vinavyobaki vibadilishe majina uandike Kiswahili. Hili la majina nalisisitiza kwa sababu mume wangu alianza kupenda kuangalia pale tu alipokuta imeandikwa Bajaji - mafuta na Bajaji - ufundi, kabla ya hapo alikuwa anaona ni mambo yangu mimi mwalimu.

Makundi makubwa yako matano. Mali, yaani ulichonacho na unachodai. Madeni, unachodaiwa. Mapato. Matumizi. Na la tano linaitwa Equity, hilo liache, ndimo programu inamoweka salio la kuanzia.

Kwenye Mali mimi nina hizi: Pochi yangu, Pochi ya baba (yaani mume wangu), M-Pesa yangu, M-Pesa ya baba, Benki, Kikoba - hisa, Tunaowadai, Kodi iliyolipwa mbele, na Kuku. Kwenye Madeni nina Mkopo wa kikoba, Songesha (ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha), Duka la Mangi (maana tunakopa pale mwisho wa mwezi na tunalipa mshahara ukitoka) na mkopo wa bodi, yaani wa elimu ya juu. Matumizi usiyachanechane sana mwanzoni, chukua kumi na mbili hivi: chakula, gesi na mkaa, umeme, maji, kodi ya nyumba, nauli, shule, afya, vocha na bando, michango, makato ya simu na benki, na moja inaitwa Haijulikani. Hiyo ya mwisho ntaielezea, ni muhimu kuliko unavyodhani.

Siku ya kuanza chagua tarehe 1 ya mwezi na uhesabu kila kitu kilivyo siku hiyo. Sisi tulikaa jioni na simu zote mbili mezani. Pochi ilikuwa na 42,000, M-Pesa zote mbili kwa pamoja 118,500, benki 640,000, hisa za kikoba 360,000, na shemeji tulikuwa tunamdai 150,000. Jumla 1,310,500. Upande wa pili mkopo wa kikoba 500,000. Ukitoa unabaki na 810,500, hiyo ndiyo ilikuwa mali yetu halisi siku ile, bila kuhesabu mkopo wa bodi. Nakumbuka tulikaa kimya kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza toka tuoane kuiona familia yetu kwa namba moja, na kwa kweli nilitegemea iwe chini ya hapo, nilikuwa nimesahau kwamba hisa za kikoba ni hela yangu. Nilikuwa naziona kama kitu kinachoninyang'anya kila Jumamosi.

Sasa kuingiza miamala. Bonyeza mara mbili akaunti, mfano M-Pesa yangu, utaona daftari lenye tarehe, maelezo, sehemu ya Transfer, na sehemu mbili za kiasi, kilichoingia na kilichotoka. Transfer ndiyo unapoandika akaunti ya upande wa pili. Umenunua bando la 3,000: tarehe, "bando", Transfer unachagua Matumizi:Vocha na bando, kiasi 3,000 upande wa kutoka, Enter. Basi. Ukianza kuandika herufi za mwanzo inakumalizia yenyewe, na kitu ulichowahi kuandika inakukumbusha na kiasi chake, kwa hiyo baada ya wiki mbili unaandika haraka sana. Kwenye tarehe ukibonyeza alama ya kujumlisha au kutoa inasogea siku mbele au nyuma. Na kwenye kiasi unaweza kuandika hesabu yenyewe, mfano umetoka sokoni na nyanya 2,000, dagaa 5,000, mchicha 1,000 na vitunguu 1,500, unaandika 2000+5000+1000+1500 inakupa 9,500. Mi sipendi kuandika kila nyanya peke yake, ni chakula, kinakwenda kwenye chakula, ukianza kutenganisha nyanya na vitunguu utachoka kabla mwezi haujaisha.

Kitu cha pili cha kujifunza ni kitufe cha Split, kiko juu pale. Kinatumika hela moja inapoenda sehemu zaidi ya moja, na maisha yetu yamejaa hizo. Umetoa 50,000 kwa wakala, tuseme makato ni 2,000, basi bonyeza Split uandike mistari mitatu: M-Pesa inatoka 52,000, Pochi inaingia 50,000, Makato inaingia 2,000. Inafunga. Mwanzoni utaona ni usumbufu kwa hela ndogo kiasi hicho. Fanya tu mwezi mmoja halafu uiangalie akaunti ya Makato. Yetu mwezi wa kwanza ilizidi bili ya maji na gesi kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa natoa elfu tano tano, elfu kumi kumi, kila nikihitaji kitu. Sasa natoa mara moja kwa wiki na wauzaji wengine nawalipa kwa lipa namba.

Mfano wa LUKU ni mzuri zaidi. Ukinunua umeme wa 20,000 ile meseji ya token ukiisoma vizuri inaonyesha kodi ya jengo imekatwa humo humo, nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Sasa sisi ni wapangaji, kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo naandika Split: M-Pesa inatoka 20,000, Umeme unaingia 18,500, na 1,500 inaingia Tunaowadai:Mwenye nyumba. Mwisho wa mwaka nikifungua hiyo akaunti nakuta 18,000 na tarehe zake zote, nampelekea baba mwenye nyumba kwa heshima zote wakati wa kulipa kodi ya nyumba na anapunguza. Mwaka wa kwanza alishangaa kidogo, nikamwonyesha meseji na tarehe, akasema haya mwanangu nimekuelewa. Mkiwa mmepanga wengi kwenye mita moja hapo inabidi mkubaliane kwanza nani kalipa mwezi upi.

Kodi ya nyumba nayo ina mtego. Sisi tunalipa miezi sita kwa mkupuo, 150,000 mara sita ni 900,000. Ukiiandika yote kuwa matumizi ya Januari, ripoti ya Januari inatisha na Februari mpaka Juni zinakudanganya kwamba mna nafuu, mnajiachia. Fanya hivi: siku unayolipa hamisha 900,000 kutoka Benki kwenda Kodi iliyolipwa mbele, hiyo ni mali, umeshainunua miezi ambayo hujaiishi. Halafu kila tarehe 1 hamisha 150,000 kutoka hapo kwenda Matumizi:Kodi ya nyumba. Huna haja ya kukumbuka, kuna kitu kinaitwa Scheduled Transactions kwenye menyu ya Actions, unaipanga mara moja, kila mwezi ukifungua programu inakuuliza iingize au vipi. Ile akaunti ikibaki na 300,000 unajua imebaki miezi miwili, anza kukusanya. Ada za shule za kulipa kwa awamu nazo fanya vile vile.

Kikoba sasa, hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kununua hisa sio matumizi, ni kuhamisha kutoka pochi kwenda Kikoba - hisa. Mfuko wa jamii wenyewe, ile elfu moja au mbili ya misiba na wagonjwa, hiyo ni matumizi, hairudi. Faini ya kuchelewa nayo matumizi. Rejesho la mkopo ligawe, mfano nikirejesha 55,000 na ndani yake riba ni 5,000, basi 50,000 inapunguza Mkopo wa kikoba na 5,000 inaenda Matumizi:Riba. Ukiandika yote matumizi hutaona deni linashuka, na kuona deni linashuka ndiko kunakompa mtu nguvu ya kuendelea. Ndio maana hata mkopo wa bodi mimi naandika mshahara mzima na makato yake: mkopo wa elimu ya juu unakatwa 15% ya mshahara wa msingi, kwa hiyo siku ya mshahara Split yangu ina mstari wa Bodi unaoenda kupunguza deni, mstari wa NSSF, mstari wa kodi ya mshahara, na kinachobaki kinaingia Benki. Kama hii inakuchanganya andika tu kilichoingia benki, utairudia ukishazoea.

Ila mikopo ile ya mtaani ya kausha damu, kama unayo, iingize yote na riba yake yote iandike kwenye akaunti yake peke yake, usiifiche. Dada mmoja tunayefundisha naye nilimsaidia kuingiza yake, tulipofika jumla ya riba ya miezi minne alilia pale pale, nikamshika bega tukaendelea. Wiki iliyofuata alikwenda kukopa kikoba alipe ile yote afunge. Deni lililoandikwa unaweza kulipangia.

Biashara ndogo. Usichanganye na hela ya kula. Kuku wangu wana akaunti yao kwenye Mali. Kila ninachoweka, vifaranga 100, chakula, chanjo, maranda, mkaa wa kuwapa joto, kinahama kutoka M-Pesa kwenda Kuku. Mzunguko mmoja niliweka 512,000, wakafa sita, nikauza 94 kwa 7,000, ikawa 658,000. Wakati wa kuuza 512,000 inarudi kutoka akaunti ya Kuku mpaka inakuwa sifuri, na 146,000 inayozidi ndiyo inaenda Mapato:Kuku. Hiyo tu ndiyo hela unayoweza kula. Kabla ya hapo nilikuwa nikishika laki sita najiona nina laki sita. Na tukichinja wa kula nyumbani wa 7,000 naandika umetoka Kuku umeingia Chakula, kwa sababu mama mkwe anaamka saa kumi na moja kuwapa maji na sio haki wale kuku waonekane hawana faida wakati sisi ndio tuliowala. Bajaji ni hivyo hivyo, mume wangu kila jioni ananitumia meseji ya mistari miwili, hesabu ya siku na mafuta.

Kuhusu lini uandike, mi siandiki kila siku kwenye kompyuta, sina muda huo. Mchana nanukuu kwenye simu, najitumia mwenyewe WhatsApp, "bodaboda 1500 pochi", "daftari za Neema 4000 pochi". Jumapili jioni baada ya chakula nakaa nusu saa. Meseji za M-Pesa zina kila kitu, tarehe, kiasi, makato na salio, kwa hiyo usizifute kabla ya Jumapili, hii nimeirudia kwa mume wangu mara nyingi sana. Ukimaliza angalia kama kuna akaunti imejitokeza inaitwa Imbalance-TZS. Hiyo programu inaitengeneza yenyewe pale ulipoandika muamala bila kusema upande wa pili. Ifungue, urekebishe mpaka iwe sifuri.

Halafu fananisha salio. M-Pesa angalia kwenye simu, lazima ilingane na ya kwenye programu mpaka shilingi ya mwisho, isipolingana kuna meseji umeiruka, itafute. Benki tumia Reconcile, unaingiza salio la mwisho kwenye taarifa ya benki halafu unatiki muamala mmoja mmoja mpaka tofauti iwe 0. Pochi ndiyo ngumu. Hesabu noti na chenji, programu inasema 31,500, mkononi una 24,000. Usianze kubuni kwamba labda nilinunua vitumbua. Andika 7,500 imetoka Pochi imeenda Haijulikani, endelea na maisha. Mwezi wetu wa kwanza Haijulikani ilikuwa 87,000 na niliona aibu, wa tatu ikawa 19,000. Ukibuni utapata ripoti nzuri ya uongo, na mwenzio akijua umebuni kimoja hataamini na vingine.

Hapo kwenye mwenzio nisimame kidogo. Tulikubaliana kila mmoja awe na akaunti ya matumizi inaitwa Yangu binafsi, 30,000 kwa mwezi, na haiulizwi. Soda zake, kijiweni kwake, nywele zangu, zawadi ya kumpa mama yangu, vyote humo. Bila hiyo kitabu kinageuka polisi na mtu anaanza kuficha. Na ripoti tunaisoma wote wawili, simsomei, tunakaa pamoja.

Ripoti ziko kwenye menyu ya Reports. Mi natumia tatu tu. Income Statement ya mwezi, inaonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Balance Sheet, inaonyesha ile namba moja ya familia. Na Expense Piechart, ile duara ya rangi, hata mwanangu wa darasa la tano anaielewa. Duara yetu ya kwanza ilinifundisha kwamba tulikuwa tunabishana kuhusu chakula bure, chakula kilikuwa sawa. Vilivyotumaliza ni bodaboda za asubuhi kwa kuchelewa kuamka, makato, na michango ya harusi. Michango siwezi kuacha, watu walitusimamia na sisi, ila sasa inajulikana ni kiasi gani kwa mwezi na kadi ikija naangalia imebaki ngapi kabla sijaahidi.

Usalama wa faili. Programu inaweka nakala zenye tarehe kwenye folda ile ile, utaona mafaili mengi mengi, usiyafute ovyo, siku moja yataokoa. Lakini kompyuta ikiibiwa yanaenda yote, kwa hiyo kila Jumapili nakopi faili kwenye flashi inayokaa kabatini. Weka faili sehemu unayoijua, sio Downloads. Usilifungue kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja, likikuambia limefungwa na mtu mwingine soma vizuri kabla ya kubonyeza Open Anyway. Umeme wetu mnaujua, kwenye Preferences washa ijihifadhi yenyewe kila dakika chache.

Na Desemba kikoba kikivunjwa usiandike hela yote kuwa mapato, mi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza na ripoti ikaonyesha tumetajirika. Kama hisa zako zilikuwa 720,000 na umepewa 815,000, Split: Pochi inaingia 815,000, Kikoba - hisa inatoka 720,000 inabaki sifuri, na 95,000 ndiyo Mapato:Faida ya kikoba. Ukipeleka hela benki siku hiyo hiyo, ni muamala mwingine, Pochi kwenda Benki. Akaunti ya hisa usiifute, Januari mnaanza upya na utaihitaji.